Sisi Ngapi

Injini hupimwa kwa sisi.
Sisi mia mbili hamsini, sisi mia nne hamsini:
ndivyo walivyohesabu mezani kwetu, huko Limburg,
kati ya sahani ya viazi na chupa ya bia ya baba,
majira yote ya baridi,
na mimi niliyekaa upande wa dirisha
sikuhesabiwa ndani ya sisi yoyote.

Kaka yangu Wannes alikuwa na miaka kumi na saba
na kilo hamsini na tisa, pamoja na buti.
Tulimpima ghalani, kwenye mizani ya viazi.
Baba akapunga mkono: "Atanenepa."

Baba, Gerolf, zamani zake aliendesha sisi mia tano,
dubwana la mipigo miwili
lililomteguka bega mara mbili, na mara zote mbili
akalisamehe.
Picha yake iko ukutani, juu ya friji,
pale ambapo majirani huweka msalaba.

"Mia nne hamsini," alisema. "Geti likianguka
mwenye msuli ndiye anayefika kona ya kwanza,
na aliyetangulia hali mchanga wa mtu."
Kweli. Mchanga wa kwetu si vumbi.
Ni mweusi, una maji,
na tairi la aliye mbele hukurushia
koleo baada ya koleo, kama anakuzika.

Lakini mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Fundi Lutgart, ambaye grisi haikumtoka kuchani
hata siku ya harusi ya mwanawe,
hakubishana. Aliuliza tu,
spana mdomoni:
"Dakika ya ishirini na tano, atakuwa amebaki nani?"

Machi, pikipiki mbili za kuazima.
Mimi nikapewa saa, kwa sababu ndiyo kazi
apewayo asiyeulizwa.

Mzunguko wa kwanza, ile kubwa:
dakika moja, sekunde hamsini na nane.
Ile ndogo: mbili na moja.
Baba akapiga mluzi.
Mzunguko wa nne, sawasawa.
Wa nane, kubwa: mbili na kumi na moja.
Wannes alikuwa ameketi, hasimami tena kwenye mawimbi,
mikono imevimba kama kamba iliyolala majini,
vidole havijui klachi iko wapi.
Pikipiki ilikwenda ilikotaka
naye akawa abiria wake.

Ndogo, mzunguko wa nane: mbili na mbili.
Ilipiga kelele njia nzima, gia juu, gia chini,
maana mia mbili hamsini haina huruma kwa msinziaji:
acha sauti ishuke kidogo tu, mchanga unakumeza.
Lakini alisimama. Alichagua mtaro wake.
Aliposhuka alikuwa na nguvu ya kutukana.

Nikampa baba karatasi.
Akaisoma, akaigeuza, nyuma hapakuwa na kitu.
"Saa yako mbovu," akasema.

Usiku ule nilifuata kelele ndogo ya chuma ghalani.
Baba yuko juu ya mizani ya viazi,
hakuwasha taa, anajisoma kwa mwanga wa simu.
Tisini na nne.
Nikarudi nyuma bila kugusa mlango.

Asubuhi alimpigia muuzaji.
"Mia mbili hamsini," alisema, taratibu,
kama mtu anayetaja jina la marehemu kwa karani.

Jumamosi Lutgart alikuja kufunga breki.
Wenyewe walikuwa nje, wanapigana picha.
Nikapanda mizani, sijui kwa nini.
Hamsini na mbili.
Nyuma ya magunia kuna ile kuukuu ya Wannes,
pistoni imekwama tangu alipoiacha kwa urefu wa miguu,
buibui amefunga bomba la moshi.

Lutgart akaitazama, akanitazama,
akajipangusa mikono, bure.
"Na wewe," akasema, "sisi ngapi?"

Mia moja ishirini na tano, nikajibu.
Kwa sasa.